Mwano, Redio na Swichi: Neno Moja kwa Wengi Katika Nchi ya Kahama

Mwano ni ukelele wa hatari wa Wasukuma na Wanyamwezi, ule ambao watu wa pwani wangeuita ukunga au yowe. Hupigwa na mtu mmoja, lakini haumlengi mtu mmoja. Aliyeibiwa ng'ombe usiku hana nafasi ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba akisimulia yaliyompata. Hupaza sauti, na sauti ndiyo inayokwenda badala yake. Mfano mmoja wa nchi ya mwano ni Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, upande wa njia inayotoka Kahama mjini kuelekea Kakola na mgodi wa Bulyanhulu. Historia ya mawasiliano ya nchi hiyo inaanzia kwenye mwano, kabla ya nguzo ya simu na kabla ya redio. Tatizo ambalo mwano ulilitatua ndilo lilelile wahandisi wa kompyuta walilokutana nalo katika miaka ya 1980: neno lisemwe mara moja, liwafikie wote linaowahusu, na wasiohusika waachwe walale.

Anayeusikia mwano hatakiwi kuuliza maswali kwanza. Anauitikia, yaani anaupiga naye, kisha anatoka na upinde, rungu au chochote kilicho karibu na mlango. Kuitikia huko ndiko kunakoufikisha mbali. Sauti ya binadamu, hata usiku wa kiangazi usio na upepo, haifiki mbali sana; lakini kaya ya pili ikiitikia, ya tatu inasikia, na baada ya muda mfupi ukelele umevuka mbuga na kufika kwa watu wasiomjua kabisa aliyeuanzisha. Ukelele wa namna hiyo una hatari yake ya kimaumbile. Vitongoji viwili vikiwa vinaitikiana tu, hawa wakidhani mwizi yuko kule na wale wakidhani yuko huku, sauti itazunguka hadi alfajiri na ng'ombe watakuwa wameshavuka mto. Kinachouokoa mwano ni mwelekeo: mtu hukimbilia kule sauti ilikotoka kwanza, na uitikio wake unawafaa walio nyuma yake, si wale waliomwamsha.

Msingi wa kijamii wa mwano ulikuwa nzengo, ujirani wa kaya zilizokubaliana kusaidiana katika kilimo, misiba na hatari. Mtu hakuzaliwa ndani ya nzengo kama anavyozaliwa ndani ya ukoo. Aliyehamia alijiunga, akapokewa, na tangu siku hiyo alipaswa kutoka akiitwa. Asiyetoka alitozwa faini, na akikaidi alitengwa, akabaki na msiba wake peke yake. Juu ya nzengo walikuwapo watemi, watawala wa jadi, na chini ya mtemi wasaidizi wake. Msalala ilikuwa moja ya nchi za kitemi. John Hanning Speke aliipita mwaka 1858 akitoka Tabora kwenda kuliona ziwa ambalo baadaye aliliita Victoria. Utemi kama mamlaka ya kiserikali ulifutwa mwaka 1963, miaka miwili hivi baada ya uhuru. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilizitoa kaya za mkoa wa Shinyanga kwenye makazi yaliyotawanyika na kuzipanga kwenye vijiji, nyumba kando ya nyumba. Kwa mwano, kukaribiana huko kulikuwa faida. Lakini mtu aliyepangiwa jirani na serikali hakuwa sawa na jirani aliyepokewa na nzengo.

Ushahidi wa pengo hilo ulionekana upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wizi wa ng'ombe na ujambazi vilizidi katika wilaya za Shinyanga na Kahama, na vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliacha silaha za moto mikononi mwa watu wasiostahili. Mnamo 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na mpakani mwake na Shinyanga, wanakijiji walianza kuapishana na kujipanga wenyewe. Walijiita Basalama, watu wa amani. Jina lililoshika ni Sungusungu, la wale siafu weusi wenye kuuma ambao mmoja wao si kitu, lakini wakija wote hata tembo huondoka. Uongozi wao ulirudisha maneno yaliyofutwa miaka karibu 20 kabla: ntemi juu, mtwale chini yake, kisha katibu na kamanda, vyeo viwili vilivyochukuliwa moja kwa moja kutoka katika siasa na jeshi la wakati ule. Mchanganyiko huo unachekesha kidogo, lakini unaeleza mengi. Mtemi ndiye aliyekuwa na heshima, na katibu ndiye aliyekuwa na daftari.

Daftari lilikuwa jambo jipya. Mwano wa zamani ulimfikia kila mwenye masikio. Sungusungu walijua nani ni mwanachama na nani siye. Filimbi ikipigwa, waliotakiwa kutoka walijulikana kwa majina, na kesho yake ilijulikana nani hakutoka. Vijiji viligawana kazi pia. Vilivyo karibu na tukio vilifuata nyayo, vilivyo mbali vilifunga njia na vivuko ambavyo ng'ombe wa wizi wangelazimika kupita. Wizi ulipungua mno, ndiyo maana mtindo huo ulienea hadi Tabora, Mwanza na kwingineko ndani ya miaka michache. Upande wa pili wa sarafu haufai kufichwa. Watuhumiwa waliteswa, wanawake wazee walisakamwa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi ya viongozi wa Sungusungu walifikishwa mahakamani kwa kujichukulia sheria mkononi. Chama tawala kiliwaunga mkono, polisi na mahakama waliwatazama kwa jicho la pembeni. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria ya mgambo ya mwaka 1973 na kuvipa vikundi hivyo nafasi katika sheria.

Wakati mwano ukipata daftari, redio ilikuwa imeshawafikia watu hao kwa miaka mingi bila kujua hata jina moja. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha majaribio. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtambo wa redio hurusha kila mahali kwa nguvu ileile, iwe kuna msikilizaji au kuna mbuga tupu yenye fisi. Msikilizaji wa elfu moja haongezi gharama juu ya yule wa kwanza, nao ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba mtangazaji hajui kama kuna aliyesikia.

Jaribio kubwa la kuondoa ubaya huo lilifanyika mwaka 1973, nalo lilifika hadi vijiji vya Shinyanga kama lilivyofika kwingine kote nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima haikuridhika na kurusha vipindi. Ilitayarisha kwanza wasikilizaji. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu kama milioni 2 walijiunga na vikundi vya usikilizaji. Kwa wiki 12 kila kikundi kilikusanyika saa ileile, chini ya mwembe au ndani ya darasa, redio moja ya betri ikiwa juu ya meza. Kipindi kikiisha, kiongozi alifungua kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya juma hilo, watu wakajadili maji, malaria au kichocho, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa wingi usiowahi kuonekana. Kilichokuwa kigeni hapo si redio wala choo, bali orodha: neno lilirushwa mara moja, na walioliomba walikuwa wameandikwa.

Kompyuta zilianza upande ulio kinyume kabisa. Intaneti ilijengwa juu ya wazo la barua: paketi, yaani kipande cha data, ina anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji mmoja. Wapokeaji wakiwa mia, mtumaji huandika barua mia, na zote hupita kwenye waya uleule wa kwanza zikisukumana. Njia nyingine ilikuwa kupiga ukunga, yaani kurusha paketi kwa kila mashine iliyo kwenye mtandao, zikiwamo zile zisizohusika. Mwaka 1978 Yogen Dalal na Robert Metcalfe walichapisha kanuni ya kuuzuia ukunga huo usizunguke. Ruta, mashine inayoelekeza paketi kati ya mitandao, ikipokea paketi hutazama ilikotoka. Ikiwa imeingia kwa mlango ambao ruta yenyewe ingeutumia kumrudia mtumaji, inapokewa na kusukumwa mbele kwenye milango mingine. Ikiwa imeingia kwa mlango mwingine wowote, inatupwa. Mtu wa Segese angeielewa kanuni hiyo bila kuonyeshwa mchoro: mwano unaokujia kutoka nyuma yako ni mwangwi.

Kilichobaki kilikuwa uanachama. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Stephen Deering na mwalimu wake David Cheriton walipendekeza mwaka 1985 kuwa anwani isiwe ya mashine bali ya kikundi. Mtumaji hutuma kwa kikundi bila kujua waliomo. Anayetaka kupokea hujiunga mwenyewe, na akichoka hutoka. Utaratibu huo, unaoitwa multikasti, uliwekwa kuwa kiwango rasmi cha intaneti kwa hati namba 1112 ya Agosti 1989, mwaka uleule ambao Sungusungu waliingia katika sheria za Tanzania. Ni sadfa tu, ila ni sadfa inayopendeza. Anwani za vikundi zilitengewa eneo lake, kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, na kipande cha mwisho kinachoanza na 239 kikaachwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi, kila mwenye mtandao wake ajipangie. Machi 1992 mkutano wa wahandisi wa intaneti mjini San Diego ulisikika kwa njia hiyo katika vituo 20 vya mabara matatu, na Novemba 1994 sehemu ya tamasha la Rolling Stones huko Dallas ilirushwa vivyo hivyo kwa watu wachache wenye mashine za kuweza kuipokea.

Ruta za mwanzo zilifuata tabia ya mwano: kwanza furisha kila mahali, kisha tawi lisilo na msikilizaji litume habari ya kujikata. Kwa mtandao mdogo inatosha. Kwa mtandao mkubwa wenye wasikilizaji wachache ni kuwaamsha watu wote wa wilaya kwa ajili ya kaya mbili. Ndipo ikatungwa itifaki ya PIM ya mtindo wa vikundi vilivyotawanyika, iliyoandikwa mara ya kwanza mwaka 1997 na kuboreshwa mara kadhaa hadi 2016. Hapo huchaguliwa ruta moja kuwa mahali pa kukutania. Mtumaji hupeleka habari zake hapo. Anayetaka kusikia huomba kuelekea hapo. Na matawi hukua kutoka kwa msikilizaji kurudi kwenye shina, tofauti na mti wa shambani. Pasipokuwa na aliyeomba, hapaendi kitu.

Hayo yote ni kazi ya ruta. Swichi, kile kisanduku chenye milango 24 au 48 kinachoziunganisha mashine za jengo moja, haikuwamo katika mpango wa awali. Swichi husoma anwani ya kadi ya mtandao tu, na paketi ya kikundi ikiingia huisukuma kwenye milango yote kwa kuwa haijui wenye nayo ni akina nani. Waundaji wa swichi walipata ujanja: swichi itege sikio kwenye mazungumzo ya IGMP, itifaki ya kujiunga na vikundi, yanayopita ndani yake kati ya mashine na ruta. Mashine ikisema inajiunga na kikundi fulani, swichi inaandika namba ya mlango ule katika daftari lake, na tangu hapo kikundi hicho kinatumwa kwenye milango iliyoandikwa tu. Mtindo huo ulienea miaka ya 1990. Hati iliyoueleza ilitoka mwaka 2006, wakati swichi zenyewe zilishauzwa kwa miaka mingi.

Ujanja wa kusikiliza ya wenzako una kasoro yake, nayo imewakosesha usingizi mafundi wengi. Daftari la swichi husahau. Kwa vipimo vya kawaida vya itifaki, ruta huuliza kila baada ya sekunde 125 nani bado yupo, wenye kuhitaji hujibu ndani ya sekunde 10, na aliyekaa kimya kwa sekunde 260 hufutwa. Sasa chukua mtandao usio na ruta ya multikasti, wenye swichi na kamera tu. Fundi anawasha usikilizaji huo wa IGMP kwenye swichi, anafungua picha kwenye kioo cha chumba cha ulinzi, picha inakuja safi, anakusanya vifaa vyake na kuondoka. Baada ya dakika 4 na sekunde 20 kioo kinakuwa cheusi. Mashine ilijiandikisha mara moja ilipofunguliwa, haikuulizwa tena, haikujibu, ikafutwa. Tiba ni kuamuru swichi mojawapo iwe muulizaji kwa niaba ya ruta isiyokuwapo. Ni mstari mmoja wa amri, na pengine ndio mstari unaosahauliwa kuliko mingine yote katika kazi hii.

Kasoro nyingine imo ndani ya anwani zenyewe. Anwani ya kikundi ina biti 28 zinazobadilika, lakini anwani ya kadi ya mtandao iliyotengwa kwa vikundi inazipokea 23 tu. Hivyo vikundi 32 hugawana anwani moja ya kadi, na swichi isomayo anwani ya kadi pekee haiwezi kuvitenganisha. Wahandisi husimulia kuwa chanzo chake kilikuwa bajeti: fedha za kununua eneo kubwa zaidi la anwani hazikupatikana. Matokeo yake yanaonekana hata leo. Vikundi vya 224.0.0 ni vya itifaki zenyewe na husukumwa kila mlango daima. Fundi akichagua 239.128.0.5 kwa kamera zake, anwani yake ya kadi inalingana na ya 224.0.0.5, na swichi nyingi zitaifurisha kila mahali kana kwamba hakuna kilichowekwa. Mwenye uzoefu huanzia mbali na eneo hilo, 239.10.10 kwa mfano, na kuandika ukutani kikundi kipi ni cha nini.

Swichi ya tabaka la tatu, yenye kufanya kazi ya ruta pia, inahitaji zaidi. Multikasti iwashwe kwenye swichi nzima, kisha PIM iwashwe kwenye kila mtandao pepe (VLAN) unaohusika, ule wa watumaji na ule wa wasikilizaji, na mahali pa kukutania patajwe kwa anwani ileile kwenye ruta zote. Njia ya kurudi kwa mtumaji lazima iwe sahihi, maana kanuni ya 1978 bado inatawala: ruta ikiona paketi imeingia kwa mlango usioelekea kwa mtumaji itaitupa kimyakimya, bila kulalamika popote. Panapokuwa na nyaya mbili kati ya majengo mawili, kosa hilo ni la kila siku. Na kabla ya kulaumu swichi, inafaa kutazama umri wa paketi. Vyombo vingi vya kurusha picha hutoka kiwandani vikiwa vimewekwa umri wa 1. Ruta ya kwanza hupunguza moja, unabaki sifuri, na safari inaishia hapo.

Nchi ya Kahama ilifikiwa na mambo haya kupitia dhahabu. Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba tangu miaka ya 1970, ilifunguliwa kuwa mgodi mkubwa wa chini ya ardhi mwaka 2001.  Uchimbaji wa chini ya ardhi ndio wenye haja kubwa kuliko zote ya neno moja kwa wengi, kwa sababu mwano haupenyi mwamba. Migodi ya dunia ilitumia kwa muda mrefu, na mingi hutumia bado, dawa yenye harufu kali ya kabichi iliyooza inayomwagwa katika hewa ya mgodi: anayeisikia hukimbilia chumba cha kujihifadhi, na hakuna chombo anachotakiwa kubeba ila pua. Baadaye ikaja kebo ya redio yenye matundu, inayovujisha mawimbi njia nzima. Sasa katika migodi mingi faiba imeshuka chini ikiwa na swichi zake, na kamera, simu za upepo na matangazo hupita humo.

Nje ya uzio hali ilikuwa nyingine. Simu za mkononi zilienea baada ya 2000, mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliofikia kilomita 7,560 katika hatua zake za mwanzo, ukapelekwa mikoani. Multikasti haikusafiri nao hadi kwa mteja. Mtandao wa umma kwa jumla haukuipokea: kila kampuni ingelazimika kutunza daftari la vikundi vya watu wasiokuwa wateja wake, mtumaji yeyote angeweza kufurisha, na haikueleweka nani amlipe nani. Mwaka 2020 wahandisi wa intaneti walipendekeza rasmi kuwa multikasti ya mtumaji yeyote isitumike tena kati ya mtandao wa kampuni moja na wa nyingine. Imebaki kwa wenye waya wao wenyewe: migodi, watoa televisheni kwa kebo, masoko ya hisa, viwanja vya ndege.

Kundi la simu ambalo viongozi wa kitongoji hulitumia kuitana siku hizi lina sura ya mwano, lakini ndani yake ni barua. Katibu huandika mara moja, seva iliyo mbali hutengeneza nakala kwa kila mwanachama, na nakala hizo zote husubiri zamu kwenye mnara mmoja. Mwenye simu iliyoisha chaji husoma asubuhi. Multikasti ya kweli ya mitaa ya miji midogo ya dhahabu ni kibanda umiza: dishi moja juu ya bati, king'amuzi kimoja, na vijana mia moja waliolipa mlangoni kutazama mpira. Wizi ukitokea usiku, filimbi bado hutangulia ujumbe.